Picha ya mazishi ikikatika: wapokeaji wawili wanajua kile ambacho mmoja hawezi kujua

Jamaa nyingi za Bukavu, Goma, Uvira na Bunia zimekwisha kuzoea jambo hili. Mzee ameaga dunia. Watoto wake wako Kampala, Nairobi, Brussels na Montréal. Tiketi ya ndege ni bei kali, visa haipatikani kwa siku mbili. Basi kijana mmoja anasimama karibu na kaburi, simu mkononi, na kurusha video moja kwa moja kwa wale wote walio mbali. Mchungaji anafungua Biblia, na hapo hapo kwenye kundi la WhatsApp ujumbe unaanza kuingia. «Imekatika.» «Huku tunasikia sauti tu.» «Hata sisi hatuone.» «Huku kwetu iko sawa.»

Kilio kikiisha, lawama zinaanza. Kijana anaambiwa simu yake ni mbaya. Yeye anajibu kwamba alinunua mega za kutosha tangu asubuhi. Walio Ulaya wanasema ni rezo ya Congo, walio Congo wanasema ni wifi ya huko Ulaya. Kila mmoja anabaki na lake, na dada aliyekosa kuona sanduku la baba likishuka kaburini hatapata tena nafasi hiyo.

Jibu lakini lilikuwa tayari ndani ya ujumbe ule wa WhatsApp. Nani aliandika «imekatika», nani aliandika «iko sawa», na saa ngapi. Kuna elimu nzima iliyojengwa juu ya swali hilo, na wataalamu wake wamefanya kazi zaidi ya miaka thelathini kutafuta namna ya kujua ni pahali gani rezo inavuja, bila kuingia ndani ya rezo yenyewe.

Akili yake ya kwanza kila mkaaji wa miji yetu anayo. Umeme ukikatika usiku, mtu haanzi kufungua fizibo. Anatoka nje, anaangalia kwa jirani. Kwa jirani kukiwaka, tatizo ni la nyumba yake. Avenyu nzima ikiwa giza, tatizo liko kwenye kabine. Na kama ng'ambo ya mto pia hakuna taa, mtu anarudi kulala, kwa sababu jambo limepita uwezo wa fundi wa mtaa. Hakuna aliyepanda nguzo. Watu wamelinganisha tu kile ambacho kila nyumba imepokea.

Kwenye intaneti mambo ni yale yale, ila waya hauonekani na jirani yuko kilomita elfu sita.

Sauti iliyotumwa chini ya maji

Video haisafiri kama kitu kimoja. Inakatwa vipande vidogo vinavyoitwa pakiti, na kila kimoja kinabeba anwani ya pale kinapoenda. Mashini zinazozielekeza njiani zinaitwa ruta. Ruta ikijaa, pakiti zinazozidi zinatupwa. Hakuna anayekuandikia barua kukuambia kwamba pakiti yako imetupwa. Picha inaganda tu.

Mtu aliyetoa chombo cha kwanza kinachojulikana na wote cha kupima mambo hayo ni Mike Muuss, Mmarekani aliyefanya kazi katika maabara ya jeshi huko Maryland. Mwezi wa Desemba 1983, rezo ikimsumbua, aliandika programu ndogo aliyoiita ping. Jina alilitoa kwenye mlio wa vyombo vya manowari: unatuma sauti ndani ya maji, unangoja mwangwi wake urudi, na muda uliopita unakuambia kitu kiko mbali kiasi gani. Ping inafanya hivyo hivyo kwa pakiti. Haisubiri video ya mtu ipite ndipo iichunguze. Inatuma pakiti zake yenyewe, za kupima tu, na kuhesabu ngapi zimerudi na baada ya muda gani. Wataalamu wanaita hilo upimaji wa kutenda, kwa kuutenga na ule wa kukaa kando na kutazama zinazopita.

Ping inasema mengi kwa bei ndogo. Chukua mtu anayetumia seteliti ya zamani, ile inayokaa juu ya ikweta karibu kilomita 36000 angani. Ishara kupanda huko na kushuka inakula karibu robo ya sekunde, na jibu kurudi ni robo nyingine. Kwa hiyo ping yake haiwezi kushuka sana chini ya nusu sekunde, hata kampuni iapishe nini kuhusu mwendo wa koneksio yake. Hapo hakuna ubishi, ni umbali.

Lakini ping ina upofu mmoja mkubwa. Inakuambia kwamba kati yako na Brussels pakiti 28 kwa mia zimepotea. Haikuambii zimepotea wapi. Njiani kuna ruta kumi, pengine ishirini, za kampuni tano tofauti, na kila moja inaweza kusema si mimi.

Rolling Stones na wageni wasioalikwa

Ili kuelewa namna upofu huo ulivyotibiwa, turudi kidogo nyuma. Mwaka 1989 Steve Deering, aliyekuwa mwanafunzi katika chuo kikuu cha Stanford, alitoa kanuni za jambo linaloitwa multikasti. Wazo lake: kama watu elfu moja wanataka kutazama kitu kimoja kwa wakati mmoja, kwa nini mtumaji atume nakala elfu? Atume moja. Pakiti itembee kama maji katika bomba moja, na pale njia inapogawanyika ndipo ruta iitolee nakala, tawi hili moja, tawi lile moja. Anwani maalumu ziliwekwa kando kwa kazi hiyo, zile zinazoanza na namba kati ya 224 na 239. Anayetaka kupokea anajiunga na kundi. Mtumaji hana haja ya kumjua.

Machi 1992, mkutano wa mafundi wa intaneti uliofanyika San Diego ulisikika kwa sauti katika vituo 20, kwenye mabara matatu, kwa njia hiyo. Kwa kuwa ruta nyingi za wakati ule hazikuelewa multikasti, pakiti zilifungwa ndani ya pakiti za kawaida ili zipite kama msafiri aliyejificha ndani ya lori, na kufunguliwa upande wa pili. Rezo hiyo iliyojengwa juu ya rezo nyingine iliitwa MBone.

Tarehe 18 Novemba 1994 kundi la muziki la Rolling Stones lilirusha sehemu ya konserti yake ya Dallas kupitia MBone. Kabla hawajaanza, wanamuziki wengine walitokea kwenye kanali ile ile: Severe Tire Damage, kundi la wahandisi waliokuwa wakipiga gitaa kutoka maabara ya Xerox huko California. Hawakuwa wamealikwa. Multikasti ya wakati ule haikuwa na mlinzi mlangoni. Aliyejua anwani ya kundi aliweza kupokea, na aliweza pia kutuma. Watu walicheka, na hadi leo ni hadithi nzuri. Lakini mtu wa kampuni aliyekuwa anafikiria kuuza tamasha kwa njia hiyo hakucheka sana.

MBone ilikuwa na shida kubwa kuliko wageni hao. Ilipotea-potea. Sauti ilikatika hapa, ikabaki safi pale, na hakuna aliyejua kwa nini. Ping haikusaidia. Fikiria unaita kundi lenye wasikilizaji elfu tano «mko?», na wote elfu tano wanajibu kwa pamoja, majibu yenyewe yanaizamisha rezo uliyotaka kuipima. Ndiyo sababu kanuni za sauti na video zilizotoka Januari 1996 ziliweka mpaka: taarifa za wapokeaji zisichukue zaidi ya asilimia 5 hivi ya upana wa kipindi. Wapokeaji wakiwa wengi, kila mmoja anasema mara chache zaidi. Mtu aliyewahi kuongoza mkutano wa mtaa anaelewa sababu.

Kulikuwa pia na chombo kinachoitwa mtrace. Chenyewe kinaanza kwa mpokeaji na kupanda kuelekea kwa mtumaji, ruta kwa ruta, na kila ruta inaandika hesabu yake: nimepokea kiasi hiki, nimepitisha kiasi hiki. Ni chombo kizuri pale kila ruta inapokubali kusema. Kwenye rezo ya kampuni nyingi, mmoja akikataa mnyororo unakatika, na anayekataa ndiye mara nyingi ungependa kumsikia.

Pakiti elfu moja

Kikundi cha watafiti wa chuo kikuu cha Massachusetts mjini Amherst na wa maabara ya AT&T kilichukua njia nyingine. Ramón Cáceres, Nick Duffield, Joseph Horowitz na Don Towsley waliandika matokeo yao mwaka 1999. Kazi yao ilisimama juu ya jambo moja: ruta haihitaji kusema kitu, mradi wapokeaji wawili au zaidi walinganishe madaftari yao.

Hesabu yake si ngumu, na inafaa kuifuata hatua kwa hatua. Namba hizi ni zangu, za kuelewesha tu. Mtumaji yuko Bukavu. Njia moja inatoka kwake hadi kwenye ruta fulani ambapo inagawanyika, tawi moja kwenda Kampala, lingine kwenda Brussels. Anatuma kwa multikasti pakiti 1000 za kupima, zenye namba kuanzia 1 hadi 1000. Kampala inapokea 720. Brussels inapokea 810.

Mpaka hapo hatuna zaidi ya kile ping ingetupa. Kampala ni mbaya kuliko Brussels, basi. Lakini sasa waweke orodha zao pembeni na kuangalia namba moja moja. Wanakuta pakiti 648 zimefika kwa wote wawili.

Tazama upande wa Brussels. Pakiti zake 810 zote, bila shaka hata moja, zilipita kwenye ile ruta ya mgawanyiko, maana zisingefika Brussels bila kupita pale. Na pale kila moja ilitolewa nakala ya kwenda Kampala. Kati ya nakala hizo 810, Kampala ilipata 648, yaani 80 kwa mia. Basi tawi la Kampala peke yake linapoteza 20 kwa mia. Geuza upande: kati ya pakiti 720 za Kampala, Brussels ilipata 648, yaani 90 kwa mia. Tawi la Brussels linapoteza 10 kwa mia.

Imebaki njia ya pamoja, kutoka Bukavu hadi kwenye mgawanyiko, ambayo hakuna aliyesimama hapo kuhesabu. Kampala ilipata 72 kwa mia ya zote zilizotumwa, na tunajua tawi lake linapitisha 80 kwa mia ya zile zinazolifikia. Gawa 72 kwa 80: ni 90 kwa mia. Kwa hiyo pakiti 900 zilifika kwenye mgawanyiko, na 100 zilianguka kabla, upande wa Bukavu. Ukitaka kuhakikisha, chukua 900, toa 10 kwa mia, unapata 810 za Brussels.

Hakuna ruta iliyoulizwa. Hakuna kampuni iliyoombwa ruhusa. Na ona kwamba kila mmoja alikuwa na sehemu yake ya ukweli: Bukavu inapoteza, Brussels inapoteza, na Kampala ndiyo inapoteza zaidi. Ni jambo ambalo mpokeaji mmoja, hata akipima mwaka mzima, hawezi kulijua, kwa maana kwake hasara zote zinafika zimekwisha kuchanganyika.

Mtu atauliza: kwa nini multikasti? Si ningetuma ping 1000 Kampala na nyingine 1000 Brussels? Hapana, kwa kuwa hizo ni pakiti tofauti. Iliyoanguka njiani kuelekea Kampala haina ndugu yake pacha wa Brussels wa kulinganishwa naye. Nguvu yote inatoka kwenye kwamba ni pakiti moja iliyopita njia ya pamoja, kisha ikazaa nakala.

Watafiti walikuwa na jina la elimu hii, tomografia ya rezo. Jina lilikuja mwaka 1996 kutoka kwa Yehuda Vardi, mtaalamu wa takwimu, aliyeshughulikia swali la jirani: kukisia kiasi cha pakiti kati ya kila mji na mji kwa kuhesabu tu zinazopita kwenye waya. Daktari wa skana hapasui mgonjwa. Anapitisha miale kutoka pande nyingi na kukisia kilichomo ndani. Hapa pakiti ndizo miale. Timu ya Amherst na AT&T ilijaribu njia yake kwenye MBone yenyewe na kulinganisha na yale mtrace ilikuwa inaonyesha.

Njia hii ina mipaka yake, na haifai kuificha. Hesabu inadhani kwamba hasara ya tawi moja haina uhusiano na hasara ya tawi lingine. Kama matawi mawili yanalala ndani ya bomba moja la ardhini na jembe likalikata, dhana hiyo imevunjika. Inahitaji pakiti nyingi, maana kwa pakiti kumi bahati inaweza kudanganya. Na pakiti za kupima nazo ni mzigo: anayezituma kwa fujo kwenye koneksio nyembamba anapima msongamano aliouleta mwenyewe. Tena lazima ujue mti una sura gani, wapi unagawanyika. Hata hilo, mwaka 1999 hiyo hiyo, Sylvia Ratnasamy na Steven McCanne walionyesha namna ya kulikisia: wapokeaji wanaopoteza pakiti zile zile kwa pamoja huenda wako chini ya tawi moja.

Hapa kwetu kuna mfano ambao hakuna aliyehitaji hesabu kuuelewa. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini kote, ikarudi karibu wiki tatu baadaye. Lubumbashi, Kisangani, Goma, Kinshasa, kampuni hii na ile, saa zile zile. Majani yote yakikauka siku moja, mtu haanzi kuchunguza jani. Anaangalia shina.

Yaliyobaki baada ya MBone

Multikasti haikuenea katika intaneti ya wazi kama Deering alivyotaka. Ruta zilitakiwa kukumbuka kila kundi, kampuni hazikujua zimtoze nani pesa, na mlango ulikuwa wazi kama Severe Tire Damage walivyoonyesha. Imebaki ndani ya kuta: makampuni yanayouza televisheni kupitia waya wao wenyewe, masoko ya hisa yanayotaka bei ifike kwa wote kwa wakati mmoja. Kwa wengine, akili ile iliigwa: watafiti walituma pakiti za kawaida zikiwa zimefuatana karibu sana, moja kwa kila mpokeaji, ili kwenye njia ya pamoja zipatwe na mambo yale yale karibu kama pakiti moja.

Video ya mazishi nayo si multikasti. Simu ya kijana inatuma nakala moja kwa mashini kubwa ya kampuni ya video, mara nyingi nje ya nchi, na mashini hiyo ndiyo inayogawa. Lakini sura ni ya mti ule ule: njia moja kutoka kaburini hadi kwenye mashini, kisha matawi. Njia ya kwanza ikivuja, wote wanaumia pamoja. Kama Montréal peke yake ndiyo imeganda, kijana aliyesimama juani hana kosa, na hakuna haja ya kumwambia abadilishe kadi ya simu katikati ya sala.

Kwa upande wake yeye pia kuna kipimo. Kama anatumia wifi na kompyuta, apige ping mara mia kwa ruta ya nyumbani, halafu mara mia kwa anwani ya nje. Yote hayatakula hata mega moja. Ya nyumbani ikipoteza, asilaumu kampuni. Aisogeze ruta, au awaambie watoto waache kushusha filamu. Ya nyumbani ikiwa safi na ya nje ikipoteza, ana neno la kusema kwa aliyemuuzia. Tahadhari moja: ruta nyingine zimewekwa zisijibu ping, au zijibu pale tu zinapopata nafasi. Ruta iliyonyamaza huenda inapitisha pakiti zako vizuri kabisa.

Na kwa wale wa kundi la WhatsApp, tatizo la mwisho ni saa. Watafiti wanatumia pesa nyingi ili saa za wapimaji zikubaliane, maana bila hiyo huwezi kusema kama hasara mbili ni moja. Kwetu inatosha kupatana kabla ya kutoka nyumbani kwamba saa zote ni za Bukavu, kwa sababu Kampala na Nairobi wako saa moja mbele na Montréal bado ni asubuhi. «Imekatika» peke yake haisemi kitu. «Saa nane na dakika kumi na mbili ya Bukavu, Kampala, imeganda.» «Saa nane na kumi na mbili, Brussels, nasi pia.» «Nane na kumi na tatu, Nairobi, hakuna picha.» Hapo kijana anajua kwamba ni kwake. Anapanda hatua ishirini juu ya kilima, pale simu inapokamata vizuri, na kugeuza kamera tena kuelekea kaburi.